Mbao Isiyoshika Msumari

"Vuta."

"Nimevuta."

"Inatosha. Funga."

Siku ya tisa hiyo. Siku ya tisa mume na mke wanafanya kazi chumba kimoja, wanakula meza moja, wanalala kitanda kimoja kila mtu kwenye ukingo wake, na maneno yote yaliyopita kati yao ukiyakusanya hayajazi kikombe. Vuta, shika, legeza, inatosha. Ya kazi tu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya makochi. Mume alikata mbao, akaunga fremu, akakaza mikanda na springi. Mke alikata vitambaa, akashona, akavalisha. Mtaani mume walimwita Fundi, bila kuongeza neno, na mke walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa sababu akishika kitambaa hakosei. Kochi la asubuhi hiyo lilikuwa la mahameli ya kijani, mgongo mrefu wenye vifungo ishirini na kimoja, na mwenyewe alisema atalifuata saa nane mchana.

Sasa mgongo wa vifungo haufungwi na mtu mmoja. Mmoja hukaa mbele na sindano ndefu kama kalamu mbili, akaichoma ipite mahameli, ipite sponji, itokeze nyuma. Wa nyuma huipokea, akavuta uzi mpaka kifungo kizame vizuri, akaufunga kwenye fremu. Mgongo unasimama kati yao kama ukuta. Hawaonani. Wanasikilizana sauti tu.

Zamani, na zamani yenyewe ni juzi tu, Sindano alikuwa akiipenda kazi hiyo kuliko zote. Mumewe alikuwa mtu mzito wa kusema ukimtazama usoni, lakini akijificha nyuma ya mgongo wa kochi ulimi ulimfunguka. Alikuwa akiushika uzi, anagoma kuvuta.

"Sema kwanza."

"Niseme nini, na mteja anakuja?"

"Mteja hana haraka kama niliyo nayo mimi. Sema."

Basi atasema, na uso umemwiva kwa haya na hakuna wa kumwona, na kutoka nyuma atasikia kicheko kidogo, kisha uzi unavutwa taratibu. Makochi mangapi yametoka karakana ile na maneno hayo yameshonewa ndani, watu wanayakalia hawajui!

Leo walikuwa wamefika kifungo cha tisa. Sindano alichoma, akangoja ipokelewe, akameza mate.

"Kaka yangu anakuja saa nne," alisema.

Uzi ukalegea mkononi mwake.

"Anakuja kufanya nini?"

"Kunichukua. Begi liko chini ya meza ya kukatia."

Nje mtu alipita anaburuta bati.

"Kwa siku ngapi?"

"Vuta, Fundi. Uzi umelegea."

Akavuta. Alivuta kwa nguvu, kifungo kikazama mpaka mahameli yakakunja uso.

"Legeza! Utachana kitambaa cha watu."

Akalegeza. Akafunga. Sindano alisikia vidole vyake vikihangaika na fundo, fundo ambalo mtu huyo hulifunga hata akisinzia.

"Mke wangu."

"Cha kumi hiki. Pokea."

"Nakuita."

"Nasikia. Masikio yangu ni mazima, ndiyo yaliyoniponza."

Alhamisi ya wiki iliyopita ndiyo masikio hayo yalipomponza. Alikuwa nyuma ya vitambaa vilivyotundikwa, anapima mapazia. Mama mkwe wake, ambaye aliishi nao chumba cha uani, alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na mwanawe, anampigia wimbo wake wa kila wiki. Umri unakwenda. Mimba ya kwanza imetoka, ya pili nayo imetoka. Utangoja mpaka lini? Wanawake wamekwisha duniani? Mumewe alikuwa anapiga randa. Hakuinua kichwa, wala hakupandisha sauti.

"Mama," alisema, "mbao ikioza ndani haishiki msumari. Ukishalijua hilo, unaacha kupigilia."

Randa ikaendelea. Na mama yake akasema, "Sasa umenena."

Ndivyo hivyo tu. Hakuna sahani iliyovunjika, hakuna aliyepigwa. Lakini Sindano alishika kitambaa cha pazia kwa mikono miwili asianguke, na tangu saa ile mumewe akawa "Fundi" kinywani mwake, kama anavyoitwa na wateja.

"Nilisema kwa hasira," sauti ikasema sasa kutoka nyuma ya kochi.

"Hapana. Ungesema kwa hasira ningekusamehe kabla ya jioni. Hasira naijua, hata mimi ninayo. Wewe ulisema kwa upole. Ulisema kwa ile sauti yako ya kwenye mbao."

Na hapo alimpata, maana sauti hiyo ilijulikana. Mumewe akienda kununua mbao hakuwa na maneno. Alikuwa akigonga kwa kifundo cha kidole, anainamisha sikio, anasema "hii nzima," anagonga ya pili, anasema "hii imeoza ndani," na wenye mbao hawabishani naye. Wakiipasua, wanakuta unga mtupu.

"Mama alikuwa amenikaba. Nilitaka anyamaze tu."

"Akanyamaza. Na mimi nikanyamaza. Umefanikiwa mara mbili."

"Si hivyo."

"Unajua ninachofanya nikiwa bafuni peke yangu?" Sindano akauliza. "Najigonga tumboni. Hivi, kwa kidole. Kisha nasikiliza. Mtu mzima na akili zangu nasikiliza kama kuna uwazi ndani. Daktari aliniambia sina kasoro yoyote, inatokea kwa wengi, nipumzike tujaribu tena. Daktari yule amesoma. Lakini yeye simwamini. Nakuamini wewe, kwa sababu toka nikujue sijaona ukikosea mbao."

Nyuma ya kochi ilisikika pumzi tu, ya mtu aliyebeba kitu kizito na haoni pa kukitua.

Mlango wa uani ukalia. Mama mkwe aliingia na birika la chai, mama mfupi, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa mdomo.

"Makubwa! Leo mnaongea na kochi? Nasikia sauti huko uani nikasema labda mteja kashafika." Akatazama huku, akatazama kule. Akaona begi. "Na hilo la nani?"

Kabla hajajibiwa, mlango wa mbele nao ukagongwa, na kaka yake Sindano akainama kuingia, maana alikuwa mrefu. Alikuwa dereva wa lori, na mikono yake ilikuwa imezoea usukani mpana, akikaa popote haijui pa kwenda. Aliamkia mama mkwe kwa adabu zote, akapokea marahaba yake, kisha akamgeukia dada yake.

"Mdogo wangu, uko tayari?"

"Niko tayari, kaka."

"Shemeji yuko wapi?"

"Niko huku," ikasema sauti.

"Huku wapi?" Kaka akachungulia, akaona nywele zenye vumbi la mbao nyuma ya mahameli. "Toka basi tusalimiane. Naongea na mtu au naongea na fanicha?"

"Mwache, kaka," Sindano akasema upesi, na mwenyewe akashangaa kujisikia. "Kama hapo ndipo anapoweza kusema, asimame hapohapo."

Kaka alivuta stuli, akakaa. Alianza kwa upole, kama mtu anayerudisha lori nyuma kwenye uchochoro.

"Shemeji, sikuja kugombana. Mama yetu kanituma. Juzi alikuwa kwa fundi wa viatu, wanawake wawili wanazungumza, hawamjui. Wanasema kuna fundi makochi amesema mkewe ni mbao iliyooza, haishiki msumari. Wanacheka. Mama yangu amekaa pale na kiatu kimoja mguuni, anasikia mwanawe anachekwa. Amerudi nyumbani amelala bila kula."

Birika liligonga meza.

"Tena kuna jingine," kaka akaendelea, na sasa sauti ilianza kumkwaruza. "Sisi tuliambiwa ni malaria. Mara zote mbili, malaria. Mara ya pili nilileta machungwa. Nikakaa pale kitandani nikamtania mdogo wangu, nikamwambia mbu wa huku wana macho, wanachagua wazuri. Akacheka ili nisione vibaya. Juzi ananiambia mwenyewe, kumbe alikuwa amefiwa! Mimi nikamchekesha mfiwa, shemeji. Nani alitutumia habari ya malaria?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Niliona aibu. Niliogopa watu watasema. Nikaona ile shida ikibaki ndani ya nyumba—"

"Unaona!" Sindano akasimama. "Kaka, umesikia? 'Ile shida.' Miezi minne namsubiri mtu huyu aseme neno moja. Mara ni 'ile shida,' mara ni 'yale mambo,' mara 'ulipougua.' Shida ni tairi kupasuka njiani! Mimi nilikuwa namwita mtoto. Asubuhi nilikuwa namwamkia. Na baba yake hajawahi, hata siku moja, kusema kuwa alikuwepo."

Alilia basi? Hapana. Alikuwa amelia mpaka machozi yamemkinai. Alilivuta begi kutoka chini ya meza, akafuta vumbi la mbao lililokuwa juu yake, akamkabidhi kaka yake.

"Twende."

"Siku ile sikwenda kununua dawa," sauti ikasema.

Wote wakageuka kutazama kochi.

"Mara ya pili ile, hospitalini. Nilikuambia nimekwenda kutafuta dawa, nimekuta foleni. Hapakuwa na foleni. Nilikuwa kwenye korido, mlango wa pili kutoka kwako. Nilikuwa nakusikia. Muuguzi akatoka amebeba kibeseni kimefunikwa kitambaa. Akaniona nimesimama, akaniuliza, 'Wewe ndiye baba?'"

Kifungo cha kumi kilivutwa kutoka nyuma, kikazama.

"Nikasema hapana."

Mama mkwe alikaa kwenye benchi polepole. Kaka aliliweka begi chini bila kujijua.

"Nikasema hapana, mimi nimemleta jirani. Akanipita. Neno hilo halijanitoka mpaka leo. Nikipiga randa nalisikia. Nikila nalisikia. Kila ulipotaka tuzungumze, niliona nikifungua mdomo ndilo litakalotoka la kwanza, utanichukia. Basi nikafunga mdomo. Siku mama aliponikaba, mdomo ukafunguka kwa upande mwingine, nikakutupia wewe." Sauti ilikatika, akaitafuta, akaipata. "Kuhusu mbao, mbao naijua. Wewe nilikusema uongo. Sikukugonga, sikukusikiliza, nilisema tu. Ni uongo mtupu, na niliusema kwa sauti ambayo najua watu huiamini."

Sindano alikuwa amesimama, mkono mmoja mdomoni.

"Alikuwa mtoto wetu," mumewe akasema. "Amekufa. Na wa kwanza naye alikuwa mtoto wetu, amekufa. Mimi ni baba yao. Mimi ndiye baba, niliulizwa nikasema hapana, na nasema leo, ndiyo."

Kisha akatoka. Alitoka upande wa kulia wa kochi, vumbi la mbao kwenye nyusi, uzi wa kifungo cha kumi bado umemzunguka kidole mpaka kidole kimekuwa cheupe, na akamtazama mkewe usoni, yeye ambaye kumtazama mtu na kusema vilikuwa kazi mbili. Sindano hakujua amtazame wapi. Miezi minne alikuwa na hamu na uso huo, na sasa ameletewa, alimwona amezeeka kwenye pembe za macho, na moyo ukamuuma kwa namna nyingine, siyo ile ya siku tisa.

"Sema tena," akamwambia.

"Alikuwa mtoto wetu. Mimi ndiye baba yake."

Machozi aliyodhani yamekinai yakaja. Hayakuja na kelele. Yalikuja tu, na hakuyafuta.

Mumewe akamgeukia mama yake. "Mama, nawe nisikilize. Lile ulilisikia, sikia na hili. Mke wangu hana kasoro. Nilisema uongo juu yake. Popote ulipolipeleka lile neno, ukalirudishe."

"Nililipeleka wapi mimi?" Mama mkwe akajitetea, mikono juu. "Nilimwambia dada yangu tu."

"Na nani?"

"Dada yangu tu. Na... yule jirani yake alikuwepo."

"Na nani, mama?"

"Ah! Na kikundi chetu. Lakini si wote, wengine walikuwa hawajafika." Akaona uso wa mkwewe na yale machozi, na mdomo uliozoea kukimbia ukasimama. Alilivuta pindo la kanga yake, akalikunja, akalikunjua. "Mwanangu," akamwambia Sindano, na hakuwa na kawaida ya kumwita hivyo, "mimi ndiye niliyemchokoza. Nilikuwa naona natafuta mjukuu. Sikuona kuwa nilikuwa nao wawili tayari na sikuwalilia."

Kuna maneno ukiambiwa unayapokea kwanza, kuyajibu ni siku nyingine. Sindano akajifuta uso kwa kiganja, akamwambia mumewe:

"Mimi leo naenda kwa mama yangu. Hilo halibadiliki. Mama amelala njaa kwa neno lako, haiwezekani wewe ukaling'oa hapa karakanani, kwangu na kwa kochi, yeye akabaki nalo."

Uso wa mumewe ulimshuka.

"Basi beba begi wewe," akamalizia. "Twende ukamwambie mwenyewe. Ya mbao, na ya korido. Yote mawili. Ukiweza kuyasema mbele ya mama yangu kama ulivyosema hapa, ndipo nitajua kama nina njia ya kurudi."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

"Na mteja wa saa nane?" Mama mkwe akaruka. "Vifungo kumi na viwili vimebaki!"

"Utampokea wewe, mama," mwanawe akasema, anajifungua uzi kidoleni. "Mwambie kochi halijaisha."

"Nimwambie kwa sababu gani?"

"Mwambie ukweli."

"Ukweli wote?" Alilitazama kochi la kijani kana kwamba limemsaliti. "Mimi na umri huu! Nitaanza na nusu, tuone."

Kaka, ambaye alikuja na hasira ya siku mbili na sasa hakujua aiweke wapi, alikohoa, akasema lori ameliacha barabara kubwa, huku halipiti, itabidi watembee. Akatangulia. Alitembea hatua ndefu makusudi, awaache nyuma.

Mtaa ulikuwa umechangamka, jua limepanda, watu wameanika nguo, redio mbili zinagombana. Mumewe alitembea na begi mkono wa kulia, upande aliokuwa mkewe, likawa linagonga magoti ya wote wawili. Sindano alikuwa anayapima aliyoyasikia. Neno la korido lilikuwa jipya na lilikuwa na makali yake, na alijua litamkata usiku na usiku mwingine. Lakini lilikuwa neno la kweli, limekuja na mwenyewe, halikumjia kwa nyuma ya pazia.

Kwenye kibanda cha kunyolea, kinyozi alisimama mlangoni na mashine mkononi, mteja wake ndani amenyolewa nusu kichwa.

"Fundi! Na begi? Mbona mapema, nani mgonjwa tena?"

Sindano aliona bega la mumewe likikakamaa. Alimjua. Jibu jepesi lilikuwa tayari kinywani mwake, safari kidogo, shemeji anatuhitaji, tutarudi. Angelisema, wangepita, na kinyozi angerudi kwenye kichwa chake. Sindano alitazama mbele. Hakumsaidia.

Mumewe akasimama.

"Hakuna mgonjwa," akasema. "Na ile si malaria, ndugu yangu. Nilikudanganya. Tulifiwa. Watoto wawili, kabla hawajazaliwa. Nikaficha, halafu nikamsema vibaya mke wangu. Nakwenda kwa mama yake kuomba radhi."

Kinyozi alizima mashine. Akaifuta mikono kwenye koti lake, ingawa haikuwa na kitu, akashuka ngazi moja.

"Poleni," akasema. Akamtazama Sindano. "Pole sana, mama. Poleni sana."

Miezi minne, na kabla yake mwaka, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia neno hilo. Wangemwambiaje, na hawakujua? Ugua pole aliambiwa, na machungwa aliletewa. Lakini pole ya msiba, ile ambayo mtu hupewa hata na mpita njia, hakuwahi kupewa. Ilimwingia taratibu, ikashuka, ikafika mahali palipokuwa pakavu.

Na jibu lake kila mtu analijua. Mtu husema tumeshapoa, hata kaburi halijafunikwa, ndiyo adabu. Sindano alifungua mdomo alitoe.

"Asante," akasema. "Bado hatujapoa."

Kinyozi aliinamisha kichwa. Mbele, kaka alikuwa amefika kwenye kona, amewapa mgongo, anajifanya anasoma tangazo ukutani. Mumewe alishusha pumzi, akalihamishia begi mkono wa kushoto. Sindano akaiona ile nafasi iliyobaki kando yake, akaingia.